Bima ya gari inanimaliza, nina miaka 21, kosa langu kuzaliwa juzi?

mgeni_barabarani:
Wakuu habari zenu. Nina miaka 21, leseni ina miezi 14, sijagonga wala kugongwa, hata sait mira sijakwaruza. Nimenunua kigari cha mtumba cc 1000 nikijua hapo nimejibana vya kutosha, sasa nimezunguka kampuni nne natafuta bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, bei ya mwaka mmoja inakaribia nusu ya hela niliyonunulia gari. Nusu jamani! Mzee wangu ana miaka 54 na mwaka juzi kaingia mtaroni mwenyewe mchana kweupe, nikajaza fomu ileile gari lilelile kwa jina lake, bei ikashuka mpaka theluthi ya yangu. Sasa anasema tuandike dereva ni yeye, mimi niendeshe tu maisha yaende. Hivi hii ina shida gani? Na kwanini mtu ahukumiwe kwa umri badala ya anavyoendesha?

kinara_wa_usiku:
Wizi mtupu mkuu. Vijana ndo shamba la bibi, wanajua huna pa kwenda kwa sababu bila bima huingii barabarani. Mfuate mzee tu, nani atajua?

mzee_wa_klemu:
Atajulikana, na nitakwambia vipi. Nimekaa kitengo cha madai miaka 9.

Kwanza hilo la umri. Mdogo wangu, kampuni haikujui wewe, miezi 14 ni karatasi tupu kwao, kwa hiyo wanakuweka kapu moja na wenzako, na kapu lenyewe lina balaa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko ajali za barabarani. Marekani madereva wa miaka 16 hadi 19, ukipiga hesabu kwa kila maili wanayoendesha, wanapata ajali za vifo karibu mara 3 ya wenye miaka 20 na kuendelea. Na usukani mnashika vizuri tu, pengine kutuzidi sisi wenye migongo mibovu. Shida iko machoni. Mpira ukidundia barabarani, dereva wa zamani mguu ushafika kwenye breki maana anajua nyuma ya mpira kuna mtoto, dereva mgeni bado anauangalia mpira. Hapo weka usiku, weka washkaji wanne na muziki juu.

Halafu kuna kitu watu hawakifikirii, kinachozitoa jasho kampuni si bampa lako, bampa hela ndogo. Ni majeruhi. Kijana anabeba vijana wenzake, sasa abiria wa miaka 20 akivunjika uti wa mgongo anahitaji kuhudumiwa miaka 50 mbele, faili moja la hivyo linakula malipo ya madereva wengi sana.

Sasa mzee wako. Niliwahi kushika faili, gari la mama, kijana kamgonga mtu kwa nyuma kwenye foleni. Mama kaandika kwa mkono wake gari ni langu naendea kazini kila siku. Mkaguzi kaenda kupiga picha, kwenye kioo kuna stika ya maegesho ya chuo, kiti cha dereva kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mama mwenyewe ni mfupi, miguu isingefika kwenye pedeli hata kwa kunyoosha. Ikaishia hapo. Aliyegongwa akalipwa, kisha kampuni ikageuka kuwadai mama na mwanawe, gari lao wakatengeneza wenyewe, na tangu hapo kila fomu ya bima inayouliza "umewahi kufutiwa bima?" anajaza ndiyo.

Fanya kinyume chake, wewe uwe dereva mkuu, mzee aongezwe kama dereva wa pili, ila awe kweli anaendesha mara mojamoja. Kuna kampuni zinashusha bei kwa hilo.

mama_wa_wawili:
Mwanangu binti yangu alipita hukohuko. Tulimfungia kile kidude kinachorekodi spidi, breki, kona na saa unazoendesha. Wiki ya kwanza kapata alama 61 akalia, anasema mashine inamwonea, kumbe anafunga breki za ghafla kila taa maana anafuata gari la mbele kama mkia. Kaanza kuacha nafasi, alama zikapanda, alipokuja kukata bima ya mwaka wa pili bei ikapungua karibu robo. Ila soma masharti kwanza, ya kwake ukiendesha usiku wa manane alama zinashuka hata kama unatoka kazini, hilo mimi naliona uonevu.

Kingine usidanganyike kupandisha sana ile eksesi, yaani hela unayotoa mwenyewe kwanza ukigonga, ili bei ishuke. Jiulize ukigonga kesho hiyo hela unayo mfukoni? Kama huna umenunua karatasi.

kinara_wa_usiku:
Mbona nasikia wanawake wanalipa kidogo, huo nao si ubaguzi?

mzee_wa_klemu:
Ulaya walishaliondoa, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Machi 2011 na tangu tarehe 21 Desemba 2012 jinsia haitumiki kupanga bei za mikataba mipya. Hata umri, jimbo la Hawaii huko Marekani hawaruhusu utumike. Ufaransa dereva mpya anaweza kuongezewa mpaka asilimia 100 mwaka wa kwanza, asipopata ajali nyongeza inakatwa nusu kila mwaka mpaka inaisha. Hii mimi naipenda, angalau unaona mwisho wa shimo. Lakini hela ya majeruhi lazima itoke mahali, ukimpunguzia kijana kuna mtu mwingine kaongezewa, na mara nyingi huyo mtu ni mimi 😂

mgeni_barabarani:
Asanteni sana wakubwa. Mzee nimemsomea yote, kanuna kidogo akasema mnamtisha. Nilipofika pale kwenye kiti akanyamaza, maana mimi ni mrefu na yeye akipanda gari langu kitu cha kwanza ni kuvuta kiti mpaka tumbo ligusane na usukani. Kesho naenda kuulizia dereva wa pili na hicho kidude. Mama wa wawili, kidude kinafungwa wapi, na nikimwachia mzee gari ataniharibia alama?

mama_wa_wawili:
Cha kwetu kilikuwa chini ya dashibodi. Na ndiyo, cha kwetu hakikujua nani kashika usukani, alama zote zilimwangukia binti. Huyo wa mtaroni mwangalie.