Hekalu lilichomwa, watu wakatawanywa, imani ya Wayahudi ilibakije?

Msoma Zaburi:
Habari zenu wakuu. Nimekuwa nasoma Zaburi ya 124, pale Israeli wanasema kama si Bwana kuwa pamoja nasi watu wangetumeza hai, nikaanza kujiuliza. Hawa watu Nebukadneza aliwachomea hekalu akawapeleka Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo, wakarudi wakajenga, mfalme Antioko wa Shamu naye akaja akapiga marufuku Sabato na tohara wakapambana naye, alafu mwaka 70 Warumi chini ya Tito wakalibomoa tena na mpaka leo halijajengwa. Sasa ile ilikuwa ibada ya makuhani na sadaka, madhabahu hakuna, makuhani hawana kazi, kwa kawaida hapo dini inakufa. Waabudu Baali wako wapi leo? Naamini Mungu alikuwa nao, ila nataka kujua watu wenyewe walifanya nini. Siasa za sasa za Mashariki ya Kati tuziache tafadhali.

Mwalimu wa Jioni:
Mkuu umeuliza jambo zito. Jibu linaanzia humo humo kwenye kuzingirwa Yerusalemu. Talmud, kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba rabi Yohanan ben Zakkai alitolewa nje ya mji ndani ya jeneza, wanafunzi wake wamembeba kama maiti, maana wapiganaji wa ndani walikuwa hawaruhusu mtu hai kutoka. Akafika kwa jemadari Vespasian, na alipopewa nafasi ya kuomba akaomba mji mdogo wa Yavne na wanazuoni wake. Hakuomba jeshi, aliomba mahali pa kufundishia!! Pale Yavne ndipo walipokaa wakapanga namna ya kuishi bila hekalu, sala zikachukua nafasi ya sadaka, meza ya nyumbani ikawa na uzito wa madhabahu. Na inasimuliwa mwanafunzi wake alipokuwa analilia magofu yeye alimjibu kwa Hosea 6:6, nataka fadhili wala si sadaka. Tangu hapo adui akichoma jengo hajachoma dini, kwa sababu dini ipo kwa baba anayemfundisha mtoto Torati na mama anayewasha mishumaa Ijumaa kabla jua halijazama. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri yote.

Binti Zebedayo:
Nakubaliana na mwalimu ila naomba tusilifanye jepesi. Wayahudi milioni sita waliuawa na Wanazi wa Ujerumani, na walikuwemo wenye imani kali kuliko sisi wote humu. Nikisikia mtu anasema "Mungu huwalinda daima" huwa nanyamaza kwanza. Rabi Kalonymus Shapira wa Warsaw, vita vimeanza tu Septemba 1939 akampoteza mwanawe kwenye mabomu, na bado aliendelea kuhubiri Sabato kwa Sabato ndani ya geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mpaka 1942, watu wana njaa na homa inayoletwa na chawa, na mahubiri yenyewe yanakiri kabisa kwamba maumivu yamepita akili. Akayaandika, yakafukiwa ardhini, yeye akauawa 1943, karatasi zikafukuliwa baada ya vita na leo zinasomwa. Kwa hiyo kuna imani inayoshinda adui na kuna imani inayouawa na adui lakini haimpi adui neno la mwisho, na hii ya pili ndiyo inaniliza mimi.

Wa Bungoma:
Wadau mbona mnaenda mbali hivyo na huku jirani yetu Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi. Semei Kakungulu alikuwa jemadari mkubwa wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuchukua mashariki ya Uganda, baadaye wakakosana, akajitenga akawa anasoma Biblia, akaona agano la tohara halijafutwa, 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Alikufa 1928 lakini watu wake wakashika Sabato. Sasa akaja Idi Amin 1971, akapiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa, wengi wakageukia Ukristo au Uislamu kwa woga, kutoka kama elfu tatu wakabaki kama mia tatu hivi. Hao waliobaki walisali kwa siri majumbani, sauti chini. Amin alipoanguka Aprili 1979 walikuwepo bado!! Miaka ya 80 vijana ndio waliamsha jamii upya pale kilima cha Nabugoye, wakaimba Zaburi kwa Kiluganda, na mmoja wao Gershom Sizomu akaenda kusoma Los Angeles akawekwa wakfu kuwa rabi 2008, alafu 2016 akachaguliwa mbunge, na wengi waliompigia kura si Wayahudi.

Msoma Zaburi:
Wa Bungoma hii sikuijua kabisa, asante sana. Na wale walioacha kwa woga, walipokelewa wakirudi au walitengwa?

Wa Bungoma:
Wengine walirudi, wengine walibaki huko walikoenda na watoto wao wakakulia huko, kwa hiyo ukifika pande zile utapata ukoo mmoja una Muislamu, Mkristo na Myahudi na wanazikana vizuri tu. Hata ushirika wa kahawa ulioanzishwa 2004 na JJ Keki, Mirembe Kawomera, wakulima wake ni wa dini zote tatu. Wageni wanapokelewa pia, mkifika Ijumaa jioni mtakuta wanaanza ibada.