Acheni kudanganya watu: samaki aina ya oska hakai kwenye tangi la lita 160!

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Jana usiku nimemtoa majini samaki wangu wa aina ya Jack Dempsey akiwa amekufa. Mapezi yameliwa hadi kwenye mashina, jicho moja halipo. Siku tatu za mwisho alikuwa amejibanza juu kabisa pembeni, nyuma ya bomba la chujio, amesimama wima kama kijiti, kwa sababu pale ndipo oska, samaki wakubwa niliomweka nao, walipokuwa hawamfikii. Nilikuwa namwona. Sikuwa na pa kumpeleka, maana pipa langu la akiba tayari lilikuwa na oska wa tatu niliyemtoa baada ya kupigwa na wenzake.

Najua mtasema kosa ni langu. Ni langu, mimi ndiye niliyenunua. Lakini kabla ya kununua niliuliza! Nilimuuliza muuzaji, nikauliza na watu wanaojiita wazoefu, nikawatajia vipimo vya tangi: urefu sm 120, upana sm 30, kimo sm 45. Nikasema nataka oska watatu na Jack Dempsey mmoja. Jibu likawa moja kwa wote: "Inatosha kabisa, samaki hukua kulingana na tangi."

Hakuna kitu kinachonichoma kama hiyo sentensi. Samaki hakui kulingana na tangi, samaki anadumaa. Anakaa kwenye maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe, anaugua polepole, uti wa mgongo unapinda, anakufa kabla ya wakati wake. Mtoto akidumaa kwa lishe mbovu, nani atasema amekua kulingana na chumba anacholala? Oska akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 na kupita. Akifa ana miaka miwili mnasema "samaki ndivyo walivyo".

Na wengi hata hawadumai, wanakua tu. Wangu niliwachukua wakiwa na sm 5, unaweza kumficha mmoja kwenye kiganja. Oska mdogo anayekula vizuri huongeza kama sm 2 hadi 3 kila mwezi. Leo, miezi 16 baadaye, dume lina sm 28 na halijamaliza, maana oska hufika sm 30 hadi 35. Sasa rudini kwenye vipimo vyangu. Upana wa tangi ni sm 30. Samaki wa sm 28 anageukaje humo? Nawaambia anavyogeuka: anafika mwisho wa kioo, anasimama, anakunja mkia hadi karibu uguse kioo cha nyuma huku pua inakwaruza cha mbele, halafu anajisukuma. Kila baada ya sekunde chache, kutwa nzima. Pembeni ya mdomo ameota sugu. Na huyu ni samaki anayenitambua, nikiingia chumbani anakuja mbele na kunifuata kwa macho. Inauma kumtazama.

Ndiyo maana nasema lita peke yake zinapotosha. Zidisha 120 kwa 30 kwa 45, gawa kwa 1000, unapata lita 162. Toa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu usiyojaza, hubaki hata 145. Lakini hata ningerefusha kimo hadi lita zifike 250, upana ungebaki ule ule wa sm 30. Kwa siklidi wakubwa (jamii ya oska na Jack Dempsey) anza na upana, kisha urefu. Kimo kije mwisho.

Halafu ile kanuni ya "sentimita moja ya samaki kwa lita mbili". Kwa hesabu hiyo oska wa sm 30 anatosha kwenye lita 60, yaani ndoo tatu! Kanuni hiyo ilikusudiwa samaki wadogo wembamba. Samaki akirefuka mara tatu, ananenepa mara tatu na kupanda kimo mara tatu pia: 3 × 3 × 3 ni 27. Oska mmoja wa sm 30 hana uzito wa samaki watatu wa sm 10 wenye umbo lake. Ana uzito wa 27. Na kinyesi chake nacho ni kingi kuliko cha hao watatu.

Hapo wanakuja wa "funga chujio kubwa". Ninalo, kubwa kuliko tangi linavyohitaji. Bakteria wa kwenye chujio wanageuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, basi. Nitrati inabaki majini mpaka wewe ubadilishe maji. Nilikuwa nabadilisha nusu ya tangi mara mbili kwa wiki na bado yule oska wa tatu ametoboka vishimo kichwani, juu ya macho, ugonjwa unaojulikana kufuatana na maji machafu na lishe duni. Na tuseme maji yangekuwa safi kama ya chemchemi: chujio haliongezi upana wa kioo.

Kuhusu kuchanganya samaki ndiyo kabisa watu wanaongea bila kufikiri. Oska wangu wawili walipofika mwaka na miezi miwili wakachaguana, wakaanza kusafisha jiwe bapa ili watage. Tangu siku hiyo sentimita zote 120 zikawa shamba lao. Siklidi ni walezi, wanalinda mayai na watoto kwa nguvu zote, na kwenye tangi la aina hii mwingine hana pa kukimbilia. Niliambiwa "ongeza samaki, ugomvi utagawanyika". Hiyo ni mbinu ya mbuna wa Ziwa Malawi, samaki wa sm 10 hivi, kwenye tangi lenye mawe tele na maji yanayobadilishwa sana. Anayeichukua na kumshauri mtu mwenye oska au jagwa (siklidi mwingine mkubwa) ajaze tangi, anamuulia samaki. Na wapo wanaochanganya hao mbuna na oska! Mbuna wanataka maji magumu yenye alkali, oska katoka Amazoni kwenye maji laini, na tena atammeza yeyote anayeenea mdomoni.

Nilichojifunza kwa machozi ni hiki. Oska mmoja: urefu sm 120, upana usipungue 45, jumla kama lita 280. Huo ndio mwanzo, si anasa. Wawili: lita 450 na zaidi, na uwe na kioo cha kuwatenga wakichukiana. Jagwa dume hupita sm 40, huyo mpe sm 180 kwa 60, na awe peke yake au na jike lake tu. Frontosa wa Ziwa Tanganyika ni wapole zaidi lakini nao hupita sm 30 na wanapenda kukaa kundi, kwa hiyo usianze chini ya sm 180. Kuna mtu aliniuliza kuhusu kuhe, yule siklidi mkubwa wa Ziwa Tanganyika anayeweza kufika sm 80. Jamani, hapana. Mwacheni ziwani.

"Nitanunua tangi kubwa baadaye" nalo ni la kujidanganya. Tangi la lita 500 likijaa, maji peke yake ni nusu tani, bado kioo, mawe na meza yake. Si kila sakafu inabeba. Na tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita bakteria wajijenge, labda uhamishe sponji za chujio la zamani. Oska hatakusubiri. Nunua tangi la samaki mzima kabla ya kumleta mtoto wake, au chagua samaki mwingine. Wapo siklidi wazuri wanaoishia sm 8.

Tena naomba asije mtu kuniambia "mwachie mtoni". Oska wameshazaliana kwenye maji ya Florida ambako hawakuwepo kabisa, baada ya watu kuwaachia.

Wale wawili nimepata mtu mwenye tangi la sm 200 kwa 70, anawachukua Jumamosi. Wa kwenye pipa nabaki naye, namtibu, na tangi jipya la upana wa sm 60 linaunganishwa wiki hii.

Sasa wa "inatosha kabisa", karibuni. Ila kabla hujaandika chochote, chukua futikamba. Pima upana wa tangi lako, pima samaki wako kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, uweke namba zote mbili hapa.