Mtambo wa eksirei haufanyi kazi, faini ya kuchelewa tunalipa wanafunzi!

Wakuu, leo sizunguki. Nasoma uzamili wa sayansi na uhandisi wa materiali kwenye chuo kimoja hapa nchini, na tunaumizwa mchana kweupe.

Utafiti wangu ni wa kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu. Naichoma kwenye tanuru kwa nyuzi joto 700 ili nipate metakaolini ya kutengenezea saruji mbadala. Kuchoma nimeshamaliza, kilichobaki ni kuthibitisha. Kaolini mbichi ukiipima kwa eksirei, grafu inatoa kilele kirefu karibu na pembe ya nyuzi 12. Ikiiva sawasawa kilele hicho kinatoweka. Kwa macho huambulii kitu, unga ni mweupe vilevile. Bila hiyo grafu hakuna tasnifu.

Na mtambo tunao! Hapo ndipo roho inaponiuma. Umo hadi kwenye tangazo la kozi. Umeme umekatika-katika, kipozeo cha maji kikafa, na bila maji ya kupoza mtambo hauwaki. Mtambo wenyewe mzima! Kinachotakiwa ni kipozeo tu, na kila ukiuliza jibu ni "manunuzi yapo kwenye mchakato". Wageni wakija, unafutwa vumbi, wanapiga nao picha, wanaondoka. Fundi wa maabara simlaumu hata kidogo, ameandika barua mpaka amechoka.

Tunaambiwa tutume sampuli Afrika Kusini. Kwa hela ya nani? Kule wanatoza kwa dola, tena kwa kila sampuli, wakati ada niliyolipa ina kipengele cha maabara. Wakala wa vifurushi naye akiona unga mweupe kwenye vifuko hapokei bila barua ya chuo, na wa kuisaini barua yuko safarini.

Halafu muhula ukiisha unaletewa ankara: umechelewa kumaliza, lipia kuongezewa muda. Nimecheleweshwa na nani?

Nunueni kipozeo. Hadi kifungwe, gharama za kupima nje zibebwe na chuo, na hizo faini zifutwe kwa kila aliyekwamishwa na mtambo. Mlioko vyuo vyenye mtambo unaofanya kazi, wekeni hapa bei kwa shilingi na foleni ni ya muda gani. Na ninyi tunaosoma wote mnaopita hapa kimyakimya, njooni inbox. Barua naiandika mimi, tusaini wote, Jumatatu tuipeleke kwa mkurugenzi wa uzamili mkononi.