Mjadala: Zurab wa Ngome ya Suram, alitaka mwenyewe kufukiwa ukutani?

Wakuu, nimeirudia filamu ya waongozaji Sergei Parajanov na Dodo Abashidze ya mwaka 1985 kuhusu Ngome ya Suram, na kuna jambo limenikaa kooni.

Kwa asiyekijua kisa: huko Georgia ya Kaukazi ngome inajengwa, inaporomoka, inajengwa tena. Vardo, mpiga ramli, anasema haitasimama mpaka kijana mzuri afukiwe ukutani akiwa hai. Kijana mwenyewe ni Zurab, mtoto wa Durmishkhan, yule aliyemuahidi Vardo ndoa akamtelekeza na kuoa kwingine.

Sasa, kwenye wimbo wa kale wa Wageorgia mama yuko nje ya ukuta, anauliza: mwanangu Zurab, umekufika wapi? Anajibiwa: ole wangu mama, magotini. Anauliza tena, na ukuta unazidi kupanda. Mimi ni mzazi, sijawahi kuyasoma maneno hayo nikamaliza salama.

Kwenye filamu Zurab anakwenda kwa hiari yake. Kamera imetulia tuli, watu wamepangwa kutuelekea kama picha takatifu za makanisani, na rangi zinakuteka hata unasahau kwamba anayezibwa ni mtu anayepumua. Daniel Chonkadze alipokiandika kisa hiki mwaka 1859 alikuwa anaushambulia utwana, mtu kumilikiwa na bwana. Ukishamfanya Zurab ajitolee, damu yake anadaiwa nani?

— Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Parajanov alifungwa na Wasovieti mwaka 1973, akatoka 1977, na kati ya filamu yake ya 1969, Rangi ya Makomamanga, na hii hakumaliza nyingine ndefu. Ukuta anaujua kuliko sisi. Halafu umempita Vardo haraka mno. Mtazame Sofiko Chiaureli akiwa Vardo mzee: mwanamke anayetoa hukumu juu ya mtoto ambaye angekuwa wake. Uzuri wa picha haujaficha kitu pale.

— La jela nalipokea, na kwa Vardo umenishika, nitairudia sehemu yake. Lakini la hiari siliachii. Nikiusoma ule wimbo natamani mtu auvunje ukuta. Nikiitazama filamu najikuta nafurahi ngome imesimama, na furaha hiyo inanitisha. Wengine mlioiona, nyie ilikuwaje?