Presha 190, jino halijang'olewa: daktari wa meno yuko sahihi au anatuzungusha?

Kijana wa Uyole: Wakuu, juzi nimemtoa mama mdogo Tukuyu alfajiri kuja kung'oa gego hapa Mbeya mjini. Wiki nzima hajalala, shavu limejaa. Daktari hata koleo hajashika, kamfunga mashine ya presha: 190 kwa 110. Kamkalisha nusu saa, kapima tena, imeshuka kidogo tu. Kagoma kung'oa. Kampa dawa ya maumivu na barua ya kliniki ya presha, akaongezea eti fizi zinatoka damu na "kinywa na moyo ni majirani". Nauli imekwenda, jino lipo. Hivi kinywa kinaweza kuonyesha ugonjwa wa moyo kweli?

Mbao za Mafinga: Mnazungushwa. Zamani jino likiuma linatoka, basi. Siku hizi unaenda na jino unarudi na jino na presha juu. Babu yangu wa Kilolo mswaki wake kijiti, ulanzi kila jioni, kafa mzee sana na meno yake yote. Nyie Wanyakyusa shida yenu chai, kikombe kimoja sukari vijiko vinne.

Ndizi Mbichi: Wee Mbao! Chai tunalima wenyewe Rungwe, tuinywe na chumvi? Na hiyo ya Mufindi mnalima ya kuogeshea ng'ombe? Mtu kauliza moyo, wewe unahesabu vijiko kwenye vikombe vya watu.

Mtu wa Wodini: Turudi kwa mama mdogo. Daktari kafanya kazi yake. Ukimng'oa mtu mwenye presha hiyo, jeraha linaweza kuvuja damu mpaka usiku, na maumivu na woga vinaipandisha zaidi. Ya fizi nayo si hadithi, ila isikuzwe. Wenye ugonjwa wa fizi wanaugua moyo na kiharusi zaidi ya wengine, hilo limeonekana mara nyingi. Chama cha moyo cha Marekani kilipitia tafiti mwaka 2012, kikasema uhusiano upo lakini haijathibitika kwamba fizi ndizo zinaleta ugonjwa. Sigara inaharibu fizi na mishipa, kisukari hivyo hivyo. Sasa utamkamata nani?

Mbao za Mafinga: Haijathibitika! Asante kwa kunitetea.

Mtu wa Wodini: Sijakutetea. Soma tena.

Binti Mwakaleli: Mimi nitasema ya nyumbani. Baba alilalamika taya la kushoto, akang'olewa gego moja, kisha la pili. Maumivu palepale. Kaka ndiye aliyestuka: taya linamuuma akipanda kilima kutoka mtoni, akikaa kwenye gogo dakika chache linaacha. Jino bovu halijui kama umekaa au unatembea. Kwenda kupimwa, moyo. Magego mawili yamekwenda bure.

Ndizi Mbichi: Pole dada. Ila mzee anaenda mtoni kufanya nini na kaka yupo?

Binti Mwakaleli: Yaani katika yote hayo wewe umesikia mto tu? Alikuwa anatoka shambani kwake, bondeni. Kaka yangu muache kama alivyo, umenielewa?

Ndizi Mbichi: Nimeuliza tu jamani.

Kamwene Tu: Mie narudi kwa babu wa Kilolo. Alikuwa anakunywa ulanzi gani, mtogwa ule mpya au mkangafu uliochacha? Maana mtogwa ni mtamu kweli, hivyo vijiko vinne vya Wanyakyusa vimo humo humo ndani ya mbeta ya mwanzi.

Mbao za Mafinga: Mtogwa ni wa watoto na wageni. Babu alikuwa wa mkangafu.

Ndizi Mbichi: Ndiyo maana hakuwahi kusikia jino.

Mzee wa Soweto: Vijana mnacheza. Ninavyojua mimi, mtu wa moyo au presha haruhusiwi kung'oa mpaka ameze antibayotiki kwanza. Wote.

Mtu wa Wodini: Si wote, mzee wangu. Ni wenye vali bandia, yaani milango ya moyo ya kuwekewa, waliowahi kupata maambukizi ndani ya moyo, na wachache wengine wa hatari kubwa. Wamarekani waliibana hiyo orodha mwaka 2007. Presha peke yake haimo. Ila kama unajua vali yako ina shida, mwambie daktari wa meno mapema, kwa sababu bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kujenga hapo.

Kijana wa Uyole: Wakuu, nimembana mama mdogo. Kumbe presha anayo tangu mwaka juzi! Alipewa dawa ya presha, amlodipini, akaiacha kimyakimya kwa sababu fizi zilivimba zikaanza kupanda juu ya meno. Akaona aibu kucheka kanisani. Hakumwambia mtu.

Mtu wa Wodini: Sasa tunaelewana. Amlodipini huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na ndugu yake nifedipini zaidi. Arudi kliniki aseme hivyo hivyo alivyokwambia, dawa za presha zipo za aina nyingi, atabadilishiwa. Kukaa bila dawa ndiko kumemfikisha kwenye 190.

Mbao za Mafinga: Kwa hiyo dawa ya moyo ndiyo iliyoharibu fizi, si fizi zilizoharibu moyo. Nilisema.

Binti Mwakaleli: Hukusema hivyo popote. Ulisema vijiko vinne.

Kamwene Tu: Na kijiti.

Kijana wa Uyole: Kliniki ni Alhamisi. Amelala hapa sebuleni kwangu na karafuu mdomoni, ananiuliza chai iko wapi.

Mbao za Mafinga: Vijiko vingapi?