MREJESHO: Kitabu cha kujifunzia kutengeneza programu ya databesi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza ninunue kitabu gani ili nitengeneze programu ya duka langu la spea, ya kukaa kwenye kompyuta bila kutegemea intaneti. Wengine mlisema Access (programu ya databesi ya Microsoft, yaani ya kutunza kumbukumbu kwa mpangilio), wengine Python (lugha ya kuandikia programu) na SQLite (databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja).

Nimeangukia Access, maana Office tayari ilikuwemo kwenye mashine. Kitabu nilichoanza nacho, dude la kurasa 800, nimemrudishia jamaa aliyeniazima. Hadi sura ya nne sijagusa jedwali (pale data zinapokaa kwa safu na mistari) hata moja! Nikachukua chembamba, cha mtumba, kinachojenga mradi mmoja mwanzo hadi mwisho.

Kilichonifungua macho ni sura ya kuunganisha majedwali. Mimi nilikuwa naandika jina la mteja kila mauzo: "Kipara", "KIPARA", "Kipara wa gereji". Mtu yuleyule, deni limetawanyika mara tatu. Sasa ana namba moja kwenye jedwali la wateja, na kila mauzo yanabeba namba hiyo. Nikibofya, deni lote linatoka. Hajafurahi.

Mliosema faili la Access mwisho wake GB 2 mko sahihi, ila kwa duka langu nitazeeka halijajaa.

Kinachonisumbua bado ni risiti, maandishi yanakatika pembeni. Aliyewahi kuitumia Access na printa ya karatasi ya milimita 80 anisaidie.