Rashi ya dhahabu porini Chunya: nibebe nini?

Kijana wa Mwanjelwa:
Wakubwa shikamooni. Nina miaka 22. Rafiki yangu kanipigia, anasema duara (shimo la wachimbaji) limetema dhahabu huko mbele ya Makongolosi. Bodaboda inaishia kijiji cha mwisho, kutoka hapo ni mguu siku moja na nusu. Sijawahi kulala porini. Nibebe nini?

Mzee wa Karai:
Marahaba mwanangu. Rashi yangu ya kwanza, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, niliifuata nikiwa na miaka 19, mwezi wa kumi, jua la Chunya linapasua kichwa. Tulikuwa watatu: sembe kilo tano, sululu moja, dumu la maji la lita tano. Kifuniko cha dumu kilikuwa na ufa, tukaziba kwa mfuko wa nailoni, nikalibeba mgongoni. Kufika saa nane suruali imelowa hadi magotini. Nikadhani jasho! Tulipotaka kunywa, dumu jepesi kama chaki.

Na mbung'o wanapenda nguo nyeusi na za bluu. Mimi nilivaa fulana nyeusi. Jioni tukakuta dimbwi limejaa nyayo za tembo, tukachuja maji yake kwa shati tukanywa. Tulipofika, rashi ilishahama. Nikaharisha siku tatu chini ya mninga, mama ntilie mmoja akininywesha uji kwa mkopo. Nilibaki kule kwa sababu ya deni lile, nikaosha marudio ya watu, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu.

Maji, basi. Na nguo ya kaki. Sululu utaikuta hukohuko.

Binti Lupa:
Mdogo wangu, huku Lupa, machimbo ya Chunya, watu wanafuata dhahabu tangu 1922, na porini wamebaki wengi. Muulize rafiki yako njia inapita wapi. Kama inakatiza Pori la Akiba Rungwa bila kibali, mtaishia mikononi mwa askari wa wanyamapori kabla hata ya kuona duara. Ukifika, usishuke shimo lisilo na timba (magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke), hasa mvua zikianza. Na anayechoma dhahabu yenye zebaki ndani ya turubai, usilale naye humo, moshi wake ni sumu.

Kijana wa Mwanjelwa:
Asanteni. Nimempigia, nilipotaja pori la akiba kakata simu. Mzee, yule mama ulimlipa?

Mzee wa Karai:
Baada ya miezi minne. Vikombe kumi na kimoja, alivichora kwa mkaa kwenye gome la ule mninga. Nilibisha kimoja, akanishika mkono tukavihesabu upya pamoja. Kumi na kimoja.